Mpango Uliosomewa Fatiha

Niliacha shule nikiwa darasa la nne. Haikuwa kwa sababu ya ada wala ugonjwa. Mwalimu alituambia kwamba reli inaanzia Mombasa na kuishia ziwani, nami nikataka kuona reli inaishaje: vyuma vinakatwa tu, au vinaingia majini? Ziwani sikufika. Nilifika Voi, nikapigwa kibao na kurudishwa, lakini toka siku hiyo sikuweza tena kutulia. Nimekuwa kuli bandarini, mkata miwa Ramisi, mpishi wa kambi ya watengeneza barabara. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoijua. Nikishaijua, nilikunja mkeka wangu nikaondoka.

Nilipokosa pa kwenda nilikwenda kwa mjomba, Msambweni. Kwetu Wadigo mtu habishi hodi mara mbili kwa mjomba wake. Huyu alikuwa kaka wa mama yangu, mtu mrefu, mpole, asiyeinua sauti hata akimfukuza kuku. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mke mmoja, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa mbele, na shamba la minazi lililopandwa na nyanya yangu, mama yake, mwaka aliozaliwa yeye. Alikuwa akisema yeye na minazi ile ni mapacha, ila wenzake walikua zaidi.

Shamba lile halikuwa na karatasi. Siku hizo ni wangapi waliokuwa na karatasi? Mtu alijulikana kwa miti yake. Minazi hii ni ya fulani, mikorosho ile ya fulani, na pale panapoanza miti mingine ndipo mpaka ulipo. Maadamu miti ipo, hakuna aliyekuuliza zaidi. Mjomba alikuwa akituambia mimi na dada zangu, "Mimi nikiondoka, hapa ni penu." Dada zangu waliitikia. Mimi nilikuwa nikitazama barabara.

Uhuru ulipokuja nilikuwa Tanga. Niliporudi nilikuta neno moja kinywani mwa kila mtu: mpango. Zamani watu walikuwa wakisema Mungu akipenda. Sasa walisema Mungu akipenda, na kwa mujibu wa mpango. Neno lile lililetwa na kijana mmoja kutoka bara, afisa wa serikali ambaye watu walimwita Bwana Maendeleo. Alikuwa Mkristo, mwembamba, mwenye baiskeli na viatu vilivyojaa mchanga daima. Alikuwa ameambiwa kwamba watu wa pwani wanapenda heshima, basi akimwamkia shikamoo kila aliyekutana naye, hata wasichana wadogo wanaotoka kisimani, nao wakimwitikia marahaba kisha wakianguka kwa kicheko.

Lakini hakuwa mjinga. Nataka hilo lieleweke, kwa maana nimewasikia watu wakisimulia habari hii na kumtupia yeye lawama zote. Alikaa na watu, akauliza maswali ambayo hata mimi, mdadisi wa kuzaliwa, sikuwahi kuyauliza. Makuti haya mnayoshona kina mama, ananunua nani? Kwa nini kila mmoja anauza peke yake barabarani, kwa mwenye lori anayejipangia bei? Yeye alikuwa amefika Diani, akaona hoteli za kwanza zinainuka kando ya ufuo, mapaa makubwa kama vilima, yote ya makuti. Akasema: jiungeni. Fanyeni chama, jengeni banda moja, wekeni makuti pamoja, muuzie wajenzi wenyewe. Mwaka wa kwanza mjaze banda. Wa pili mpate lori lenu. Wa tatu muwe na duka. Kila mwenye minazi alete fungu lake la makuti mabichi kila mwezi, kina mama washone, na chama kiuze.

Mpango ulikuwa mzuri. Nimeufikiria miaka mingi, nikiwa nimelala kwenye mikeka ya watu wengine, na sijaona dosari yake pale ulipoanzia.

Mkutano ulifanyika ukumbini kwa mjomba, kwa kuwa ndiye waliyemtaka awe mwenyekiti. Watu walisema, wakasikizana, wakakubaliana. Kisha mjomba akainua mikono, na sote tukainua yetu, tukasoma fatiha. Bwana Maendeleo naye aliinamisha kichwa na kufumba macho. Baadaye aliniambia alidhani ni sala ya kufungia mkutano, kama wafanyavyo kanisani kwao watu wanapotaka kwenda nyumbani.

Kwetu haikuwa hivyo. Fatiha husomwa posa inapokubaliwa, chombo kipya kinaposhushwa majini, ndugu waliogombana wanapopatana. Ikishasomwa, maneno yamekwisha. Anayeyarudia anaonekana kama mtu anayewatia wenzake aibu, kana kwamba anasema siku ile hamkuwa na akili, au hamkuwa na nia. Ni adabu nzuri. Imezuia ugomvi mwingi. Sijui ni nani wa kwanza aliyeipeleka kwenye biashara.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa furaha, sitakataa. Banda lilijengwa kando ya barabara, na asubuhi kina mama walikuwa wakikaa humo wakikunja majani juu ya fito na kuyashona kwa ung'ongo, huku wakiwasema waume zao. Mimi nilikuwa nikipita pale kwa makusudi.

"Mtembezi huyo! Wafungieni wanaume wenu wasimfuate."

"Wa kwangu amfuate tu, dada. Labda huko atajifunza kazi."

"Weye mtoto, umefika Tanga, umefika Voi. Mke umefika wapi?"

"Mke nimemwona kwa mbali, mama," niliwajibu, "nikaogopa atanishonesha makuti."

Wakacheka mpaka mmoja akajichoma kidole. Mjomba alikuwa akija kila siku akisimama mlangoni pa banda, mikono nyuma, anatazama tu makuti yanavyopanda. Lori la wajenzi lilikuwa likija, likijaza, likiondoka. Sijamwona mtu akiwa na furaha ya kimya namna ile. Ilikuwa kana kwamba amezaa uzeeni.

Mie nikachoka, kama kawaida yangu. Nilikuwa nimeshajua jinsi kuti linavyoshonwa, jinsi linavyopangwa, kwa nini la mnazi mrefu hudumu kuliko la mnazi mfupi. Nikakwenda Diani kutafuta kazi kwenye ujenzi, nikapewa kubeba mawe ya matumbawe. Nilitaka kuona paa kubwa vile linasimamishwaje bila nguzo katikati. Fundi mkuu alikuwa Singasinga mzee mwenye subira, na kwa kuwa nilimuuliza maswali wakati wa kula badala ya kulala, alinizoea. Yeye ndiye aliyenionyesha, siku moja, marundo ya vigae vyekundu vilivyoshushwa nyuma ya jengo jipya.

"Hivi vya nini?" nilimuuliza.

"Ya paa."

"Na makuti?"

Alipuliza mkono wake kama mtu anayezima mshumaa. Jiko la nyumba moja ya Mzungu, huko mbele ufukweni, lilikuwa limeshika moto, na paa zima likaenda kabla watu hawajapata ndoo. Wenye mali wakaogopa. Jengo hili jipya lote lingeezekwa vigae, na lile linalofuata pia. Makuti yangenunuliwa kidogo kidogo tu, ya kuziba pale panapovuja na ya vibanda vya kivuli.

Niliacha kazi siku ile ile. Nilifika Msambweni jua likiwa bado juu, nikamkuta mjomba barazani akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Mjomba, Diani hawatanunua tena. Wanaezeka vigae. Nimeviona kwa macho yangu."

Aliendelea kuchonga. "Nimesikia."

"Umesikia lini?"

"Dereva wa lori aliniambia, safari ile alipochukua nusu mzigo."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimetembea njia nzima nikijiona mjumbe mkubwa. "Basi si uwaambie watu wasimame? Makuti yanaendelea kuletwa. Banda limejaa."

"Niwasimamishe kwa kauli ya nani?" Aliuweka mpini juu ya goti akauangalia kama umenyooka. "Tulikaa, tukasema, tukasoma fatiha. Na wa kwanza kuinua mikono ni mimi. Leo nije niwaambie, jamani, yale tuliyomuomba Mungu tumeyaacha? Watasema mwenyekiti kageuka."

"Hawatasema."

"Ndiyo. Hawatasema. Watafikiri."

Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo, aliyetusomesha Kurani sote, mimi kwa shida. Nilimuuliza: je, jambo likisomewa fatiha haligeuki tena? Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mtoto, nilipouliza kwa nini alifu imesimama na be imelala.

"Fatiha ni dua," alisema. "Umemuomba Mola akupe kheri katika jambo lako. Kheri ikiwa upande mwingine, nenda upande mwingine. Nani kakwambia ni kufuli?"

"Basi, maalim, mwambie mjomba."

"Mimi?" Alivuta kanzu yake akafunika magoti. "Yeye hajaniuliza."

Nimewahi kuwachukia watu maishani, lakini siku ile sikuweza kumchukia mzee yule. Alisema kweli. Hakuulizwa. Kwenda kwa mtu mzima kumfundisha jambo ambalo hajakuuliza, kwetu, ni kumvua nguo.

Nikawauliza na wengine, mmoja mmoja, kisimani, msikitini, dukani. Wote walijua. Mzee wa jirani alijua. Kina mama wa bandani walijua kabla yangu, maana wao ndio waliokuwa wakirudisha makuti nyuma ili kupata nafasi ya kuweka mapya. Kila mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mpango umekufa, kisha akaniambia nisiseme kwamba yeye ndiye aliyesema. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kijiji kizima kilijua jambo moja, na kila mtu alilijua peke yake.

Sasa wale wenye akili za kujiokoa wakaanza kupungua. Hawakukataa. Hakuna aliyesimama akasema mimi natoka. Zamu ya kuleta makuti ilipofika, huyu alikuwa na mgeni, yule mgongo unamuuma, yule mkwezi wake kasafiri. Walituma salamu nzuri na kumwombea mwenyekiti afya. Mjomba alizipokea salamu zote. Hakumfuata mtu mlangoni. Lakini fungu la mwezi lilikuwa limetajwa katika mpango, na mpango ulikuwa mikononi mwake, kwa hiyo pale palipopungua alijaza yeye, kutoka shambani mwake.

Mtu asiyekulia penye minazi hatajua hili ni jambo gani. Mnazi unaacha makuti yake wenyewe, makavu, kwa wakati wake. Na mabichi unaweza kuupunguza machache ya chini bila kuuumiza. Ukizidisha, unauvua. Makuti ndiyo yanayolilisha kole, shada la nazi zake. Mjomba alilijua hilo kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Mkwezi alimwita kutoka juu:

"Mzee! Nikikata hili nazi zake hazitakaa!"

"Kata."

"Na hili la juu yake?"

"Nimesema kata, mwanangu. Usinisemeshe."

Nilikuwa nimesimama chini nikiyakusanya. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Baada ya miezi kadhaa vidaka, nazi changa, vilianza kuanguka, vidogo, vyeusi kitako, vikitapakaa mchangani kama vinyesi vya mbuzi. Minazi ilibaki na majani machache yaliyosimama wima kileleni, kama mtu aliyeshtuka. Mkaza mjomba, mke wake, alikuwa mwanamke wa maneno machache na makali. Siku moja aliniwekea wali na samaki wa mchuzi mweupe uliopauka, nikaonja, nikamtazama.

"Ndiyo," alisema. "Wa maji, hauna nazi. Mke wa mwenye shamba anapika mchuzi wa maji. Niende nikaazime nazi kwa jirani? Atanipa. Atanipa mbili, na moja ya kuzidi, na njiani kote atakuwa akinionea huruma. Afadhali maji."

"Kwa nini humwambii?"

"Nimemwambia usiku na mchana. Mimi ni mkewe. Mke akisema, ni maneno ya jikoni. Anangoja aambiwe na wao."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mjomba hakuwa mkaidi. Alikuwa anangoja. Yeye aliona kwamba waliompa jambo ni watu, basi watu ndio wa kumpokonya. Na watu waliona kwamba mwenye jambo ni yeye, basi yeye ndiye wa kuliacha. Kila upande ulikuwa ukimpisha mwenzake mlangoni, kwa adabu, na nyumba inaungua.

Kisha likapigwa baraza, na naibu wa chifu akatangaza kwamba wapimaji wa serikali watakuja. Ardhi yote itapimwa, kila mtu aandikwe penye chake, apate hati. Kamati itapita na wapimaji ikitazama nani analima wapi na ana miti gani. Watu walifurahi. Wengine walikimbilia siku hiyo hiyo kupanda mikorosho pembezoni mwa mashamba. Mjomba alirudi nyumbani. Nilimwona jioni akitembea kati ya minazi yake, akiweka kiganja juu ya shina moja, kisha jingine, kama daktari anayepima homa. Kama ukataji ungesimamishwa sasa, ingeweza kupona. Baadhi yake ilikuwa bado ina nguvu.

Mimi nilikwenda mpaka Kwale, kwa miguu na kwa lori la mchanga, kumtafuta Bwana Maendeleo. Nilimkuta akifunga sanduku. Alikuwa amepata uhamisho kwenda Machakos. Alisikiliza yote, akakaa juu ya sanduku.

"Lakini mpango ni wa kubadilishwa," alisema. "Ndiyo maana tunaupanga. Unatazama, unaona hali imegeuka, unafuta, unapanga mwingine. Sikuwaambia hivyo?"

"Ulituambia. Lakini tulikuwa tumeshasoma fatiha."

Nikamweleza. Alishika kichwa. Nadhani mtu yule aliumia kweli. Alichelewesha safari yake, akapanda baiskeli kuja Msambweni mara ya mwisho, na mkutano ukaitwa.

Walikuja wote, hata wale wenye migongo mibovu. Bwana Maendeleo alisema vizuri. Alisema soko limekimbia, si kosa la mtu. Alisema chama kisimamishe makuti, kiache minazi ipumzike, kiuze yaliyomo bandani kwa bei yoyote kabla mchwa hawajayamaliza, na kitafute kazi nyingine: mikeka, makumbi ya nazi ya kusokotea kamba, hata mboga za kuuzia jiko la hoteli. Alisema, "Semeni tu. Mkisema leo tunabadilisha, tumebadilisha."

Mtu mmoja alikohoa. Kisha mzee wa jirani akasimama akamshukuru mgeni kwa maneno mazuri, akamtakia safari njema, akasema watu wa hapa hawatamsahau. Mwingine akasimama akaunga mkono shukrani. Wa tatu akamsifu mwenyekiti, jinsi alivyojitolea, jinsi alivyobeba mzigo ambao wengine walishindwa. Watu wakaitikia, naam, naam. Walikuwa wakimpenda. Walimaanisha kila neno.

Mjomba alisimama. Aliwatazama mmoja mmoja, taratibu. Nilimwona akingoja.

"Mmemsikia bwana," alisema. "Ikiwa wenyewe mnaona... ikiwa kuna anayeona kwamba jambo letu..."

Hakuna aliyeinua uso. Kumwambia ndiyo kungekuwa kumwambia, mbele ya mgeni na mbele ya mkewe aliyekuwa nyuma ya pazia: umetuongoza pabaya, na minazi yako imekatwa bure. Nani angemfanyia hivyo?

Nikasimama mimi. "Mjomba, simamisha! Wote wanataka usimamishe. Huyu ameniambia, na yule ameniambia..."

"Kaa chini, mtoto," mzee wa jirani alisema, mmoja wa wale niliokuwa nikiwanyooshea kidole.

"Aseme, aseme," mwanawe akadakia, binamu yangu wa utani. "Weye una minazi mingapi, mtembezi? Au ile ya Voi?"

Watu wakacheka, kicheko kikubwa, cha kushukuru, kama watu waliokuwa wamezuia pumzi. Mjomba naye alitabasamu. Niliona bega lake likishuka.

"Basi," alisema, "tunaendelea."

Na mikono ikainuliwa tena.

Baadaye katika maisha yangu nimechemsha chai katika ofisi za ghorofa, huko mjini, kwa watu wenye tai na shahada. Nilikuwa nikiingia na sinia katikati ya mikutano yao, na kwa kuwa mleta chai haonekani, niliona mengi. Niliona wakubwa wakieleza mpango ambao kila aliyekaa pale mezani alikuwa amekwisha kuniambia, jikoni, kwamba hauwezekani. Hawakusoma fatiha. Walipiga makofi. Kisha walirudi jikoni wakaomba kikombe kingine. Nilikuwa nimedhani ugonjwa ule ni wetu peke yetu, na kujua kwamba si wetu tu hakukunipa faraja yoyote.

Masika yalikuja. Bandani mchwa walikuwa wameanza chini, na mvua iliyopita pembeni ikamalizia juu. Makuti yaliyokuwa fahari ya kijiji yakawa udongo mweusi wenye joto, yakitoa mvuke asubuhi. Kina mama waliacha kuja, bila tangazo. Hakukuwa na mkutano wa kuvunja chama. Sijui kama kimevunjwa mpaka leo.

Minazi ya mjomba haikungoja. Iliyodhoofika iliingiwa na chonga, mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele, na baada ya hapo hakuna dawa. Vichwa vilianguka kimoja kimoja. Yalibaki mashina matupu, marefu, na magugu yakapanda mpaka kiunoni kwa kuwa mwenyewe hakuingia tena kupalilia.

Wapimaji walipofika nilikuwepo. Kamati ilikuwa na watu wetu wawili na wageni kutoka Kwale na mbali zaidi. Mwenyekiti wao aliuliza, "Hapa pana nini?"

Mara hii watu walisema. Walikuja bila kuitwa. Mzee wa jirani alisema alimwona nyanya yangu akichimba mashimo ya kupandia. Binamu yangu wa utani alisema, kwa hasira, machozi yakimlenga, kwamba amekula madafu ya shamba hili tangu ana meno. Mwalimu wa chuo aliapa. Kina mama walisema wote pamoja mpaka ikabidi wanyamazishwe. Sijapata kusikia ushahidi mzuri kama ule.

Wageni walisikiliza kwa heshima. Kisha mmoja akaeleza kwamba wao wameagizwa kuandika kilichopo. Kilichopo ni nyumba, na uga wake. Huku kwingine ni pori lenye visiki. Upande wa kaskazini palikuwa na mikorosho michanga ya mtu mwingine, imeshika vizuri, na yeye aliandikwa. Upande wa bahari ulibaki bila mtu, na miezi michache baadaye tulisikia umepata mwenyewe kutoka Nairobi, ambaye hatukumwona.

Walichimba, wakafukia jiwe la mpaka hatua chache tu kutoka dirisha la jiko. Mkaza mjomba alitoka akalitazama, akaingia ndani akafunga mlango.

Watu walipoondoka, mjomba aliniita, tukakaa barazani. Alikuwa amezeeka kwa namna ambayo mtu huzeeka akiwa amekaa hapo hapo. Nilidhani atanilaumu kwa kusema mkutanoni, au kwa kutosema zaidi. Hakufanya hivyo. Aliniuliza kama mtu anayemuuliza msafiri habari za njia.

"Weye umetembea," alisema. "Umekaa na watu wengi. Huko kwingine, jambo likishakubaliwa na wote, na wote wakaona limeharibika, wanatokaje?"

Nilifikiri. Nilizipitia kambi zote, bandari, mashamba ya miwa, watu wote niliokula nao. Nilitaka sana kuwa na jibu. Maisha yangu yote nilikuwa nikikusanya majibu.

"Sijui, mjomba," nilimwambia. "Sijawahi kukaa mahali hadi nikaona."

Alitikisa kichwa kwa upole, akanishukuru.